Mdomo wa Gaudensi

Mashine ilipolitaja jina la Gaudensi Mbano, niliiambia inuse tena.

Haikuwa kazi yangu kuiambia hivyo. Kazi yangu pale kituoni, nje kidogo ya mji wa Songea, ni kupokea pumzi na damu za watu, kuzipitisha kwenye mashine, na kufunga mdomo. Lakini Gaudensi ni mtani wangu. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, na mababu zetu walipigana vya kutosha hata sisi wajukuu tukabakiwa na vita vya kutukanana tu. Nilimjua kuwa mzima kabisa. Asubuhi ileile alikuja kupima kama kila mtu mzima anavyotakiwa mara moja kwa mwaka, akapuliza mrija kwa nguvu mpaka taa nyekundu ikawaka, kisha akaniuliza kama Iringa amesalia mbwa hata mmoja wa kubweka.

"Nimenusa tena," ilisema mashine. "Ni Gaudensi Mbano. Ni kongosho."

Tunaiita Kinusi. Jina lake la serikali ni refu na hakuna anayelikumbuka. Ndani yake mna vioo vyembamba kama ganda la kitunguu, na juu ya kila kioo zimeoteshwa seli za pua ya panya buku. Panya mwenyewe hayumo. Hakuna mkia wala meno, ni pua tu, maelfu ya pua zisizo na mwenyewe, zinazolishwa maji ya chumvi na sukari. Ukipuliza, pumzi yako inapita juu yake, kila seli inashtuka kwa harufu inayoijua, na mashine inasikiliza mishtuko hiyo kama mwalimu wa kwaya anavyosikia ni nani aliyetoka nje ya sauti. Saratani hunuka kabla haijawa uvimbe. Sisi hatuisikii harufu hiyo, panya anaisikia.

Kinusi peke yake hakiaminiwi. Pembeni yake kuna kimashine kidogo kinachochambua tone la damu, kikitafuta vipande vya seli zilizoharibika. Vyote viwili vikikubaliana, basi. Vikibishana, mtu anaitwa upya.

Havikubishana. Kongosho la Gaudensi lilikuwa limeanza kuharibika, mapema sana, mapema kiasi kwamba sindano wanazochoma Mbeya huponya karibu kila anayeziwahi. Lakini ugonjwa ule haungoji. Wakati ule mahindi yalikuwa yanafika magotini. Mpaka yakomae, sindano zingekuwa hazina maana tena.

"Mdomo wake yupo?" kiliuliza Kinusi.

"Yupo."

"Ni nani?"

"Ni mimi," nikasema, na nikatamani niwe mtu mwingine yeyote.

*

Zamani kidogo majibu yalikuwa yakitumwa kwenye simu. Mwanamke mmoja aliyasoma ya kwake akiwa kwenye foleni ya kusaga mahindi, akaacha debe lake pale na hakurudi nyumbani. Bwana harusi mmoja aliyasoma kanisani, simu ikiwa mfukoni, padri akisubiri ajibu. Watu wakaanza kuuawa na hofu kabla ugonjwa haujawagusa. Ndipo ikatungwa Sheria ya Mdomo: jibu zito lisitoke kwenye mashine isipokuwa kwa kinywa cha binadamu, na binadamu huyo mtu amchague mwenyewe angali mzima. Hakuna karatasi wala ujumbe. Mdomo anasikia, anakwenda, anasema. Kisha anarudi kwa mashine na kutamka neno moja, "Amesikia," na hapo nafasi ya matibabu inafunguliwa. Baada ya neno hilo hakuna anayeruhusiwa kumwita mgonjwa wala kumfuata. Mwili ni wake, atakwenda au hatakwenda. Na Mdomo akimnong'oneza mtu mwingine, hata mke wa mgonjwa, hiyo ni jela.

Waliotunga sheria walidhani watu watachagua wake zao, waume zao, mapadri na masheikh. Hawakufikiria utani. Huku kwetu Wangoni walikuja kujiandikisha wakiwataja Wahehe, nao Wahehe wanaoishi hapa wakawataja Wangoni, mpaka mkaguzi aliyetoka Dodoma akauliza kama tumeelewa swali.

"Mke wangu atalia," Gaudensi aliniambia siku yake ya kujiandikisha. "Padri ataomba. Mhehe atanicheka. Weka Mhehe."

Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Kwetu mtani si mtu wa mzaha tu. Mtani ndiye anayeruka kaburini na kulala humo, jeneza lisishuke mpaka abembelezwe. Ndiye anayevaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, waliofiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Fridolini, mdogo wake Gaudensi, alipofariki, mimi ndiye niliyevaa koti lake na kuchechemea uani kama alivyokuwa akichechemea. Gaudensi alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye alinishika mkono, akaubana. Tangu siku ile alikuwa akiigusa kofia yake ya pama kila anionapo na kuniambia nisiikodolee macho, siku yangu ya kuivaa bado.

*

Nilimkuta bwawani kwake, maji yamemfika mapajani, anawamwagia perege pumba.

"Mla mbwa!" alinipokea. "Umepotea njia. Hawa ni samaki, hawabweki."

"Nimefuata harufu ya mla panya."

"Basi umefika."

Njia nzima nilikuwa nimejifunza sentensi zangu kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya darasa. Nilizisema zote mara moja, nisije nikakwama katikati.

"Mtani, majibu yako yametoka. Kinusi kimekukuta na saratani, iko kwenye kongosho. Bado changa. Inabidi uende Mbeya, na uende sasa."

Alisimama na kopo la pumba mkononi. Kwa kitambo kidogo nilidhani ameelewa. Kisha uso wake ukafunguka.

"Kinusi? Si ndicho chenye pua za panya?"

"Ndicho."

"Basi nimekwisha!" Alilitupa kopo ukingoni na kujipiga paja, perege wakatawanyika. "Nimekula babu zao, nimekula shangazi zao, nimekula wengine hata chumvi sikuweka. Leo wamepata pa kunishtakia!"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Ulikuwa utani mzuri. Kila Mngoni anatukanwa kwa panya tangu utotoni, na hapa serikali ilikuwa imempelekea mmoja mashine nzima ya panya. Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, na kilipotoka nikajua nimeharibu.

"Mtani, nasema kweli."

"Wahehe mmeanza lini?"

"Naapa."

"Kwa mbwa gani?"

Kila nilichosema alikigeuza, nacho kikawa kitamu zaidi kuliko cha kwanza. Nikikunja uso, alisema nimejifunza kuigiza misibani. Nikitaja Mbeya, aliuliza kama ndiko mbwa walikokimbilia. Ndivyo tulivyoishi miaka yote, na ndivyo tulivyokubaliana kuishi. Mtani akikuambia umekufa, unamwambia atangulie akakuandalie chai. Nilirudi kituoni na perege wawili kwenye jani la mgomba, zawadi kutoka kwa mtu aliyedhani nimemtembelea kumchangamsha.

*

"Umemwambia?" aliuliza Daktari Nyoni, mkuu wetu wa kituo. Yeye huona taa ya manjano tu mbele ya jina la mtu. Jibu lenyewe halijui, wala haruhusiwi kulijua.

"Nimemwambia."

"Basi tamka, taa izimike."

"Hakuamini, daktari. Amedhani ni utani."

Alivua miwani na kuipangusa kwa pindo la koti. Si mtu mbaya. Ana taa nyingi za manjano. "Onolina, sheria inasema aambiwe. Haisemi aamini."

"Si abadilishiwe Mdomo?"

"Mwenyewe tu ndiye anayeweza kubadilisha. Na atabadilisha kwa sababu gani, ikiwa anaona hajaambiwa kitu?"

Nilikwenda nikakaa mbele ya Kinusi. Neno moja tu, nami ningekuwa nimetimiza wajibu wangu, hakuna wa kunilaumu duniani. Nafasi yake Mbeya ingefunguliwa, ingemsubiri, na asingetokea, ikapewa mwingine. Mahindi yangekomaa. Na siku ya msiba wangeniletea kofia ya pama niivae, nitembee kama yeye, watu wacheke.

Sikutamka.

*

Habari zilinitangulia kila mahali, kwa sababu Gaudensi mwenyewe alizisambaza. Sokoni waliniuliza kama ni kweli panya wameshinda kesi. Siku ya tatu au ya nne Ditrika, mkewe, alikuja kituoni kupima shinikizo la damu. Kwao Ditrika ni Umatengoni, na mimi naye hatukuwahi kutaniana. Tunaheshimiana tu, yeye akiwa mkubwa kwangu.

Nilimfunga mkono ule mkanda wa kupimia. Aliuangalia ukijaa upepo.

"Mume wangu anacheka akiwa peke yake," alisema. "Anasema umemwambia panya wamemsemea. Jana amelirudia kwa majirani, na leo tena. Lakini usiku amelala upande mmoja, hakugeuka."

"Shinikizo lako liko juu kidogo, Mama Oswini."

"Lazima liwe juu. Najua ukinijibu utafungwa, sikuulizi. Ila mzaha mzaha hutumbuka usaha."

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu mle ndani, na Kinusi kinanusa, hakisikilizi mpaka ukiite. Angekwenda nyumbani akalia, akaita watoto, akaita padri, wakamzunguka Gaudensi mpaka akapanda gari la Mbeya. Angepona. Na lingekuwa limetendeka lile hasa aliloliogopa siku ile ya kujiandikisha, kwamba habari ya mwili wake impitie mbali, ifike kwa machozi ya wengine kabla ya masikio yake. Nilikuwa na haki gani? Lakini pia kifo chake kilikuwa haki ya nani?

Nilijiambia labda hataki kujua. Wapo watu wa hivyo, na ni haki yao. Nikalikataa hilo, kwa sababu asiyetaka kujua huacha nafasi ya Mdomo wazi, na wengi wameiacha. Gaudensi hakuiacha. Hakuchagua kufichwa, alichagua kuchekwa. Nami nilimpa kicheko, habari nikabaki nayo mwenyewe.

"Ninyi watani siwawezi," alisema Ditrika akishusha mkono wa gauni. "Mnasema kila kitu, halafu hakuna kilichosemwa. Kwetu mtu akiwa na neno huanza kwa kusalimia."

Aliondoka bila kujua amenipa nini. Mimi pia sikujua mpaka nilipokuwa naosha mikono, na hapo nikaogopa. Katika miaka yote niliyomjua Gaudensi, mtu anayeweza kunizaa, sijawahi hata siku moja kumwamkia.

*

Nilivaa kitenge changu cha kanisani na kufunga kilemba. Nilipofika kwao jua lilikuwa bado kali. Kawaida huanza kumtukana toka barabarani, naye hujibu kabla hajaniona. Safari hii nilipita kimya, nikasimama nje ya ua, nikapiga hodi.

Alikuwa kibarazani akishona wavu, pama kichwani.

"Nani huyo mwenye adabu? Kumbe mla mbwa! Tangu lini mbwa anapiga hodi?"

Niliingia uani. Aliniangalia kitenge, akaniangalia kilemba.

"Umetoka kuolewa au kuzika?"

Nilikuwa na jibu. Mtani huwa nalo daima, linakuja lenyewe, na hili lilikuwa zuri. Nililimeza. Nilisogea mpaka mbele yake, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa nyumbani kwa mama yangu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Sindano ya kushonea wavu ilisimama. Alitabasamu, akangoja nimalizie, maana kila kitu kwetu kina mkia wake wa kuchekesha. Sikumalizia. Tabasamu lake likabaki pale bila kazi, kisha likaondoka.

"Acha, Onolina."

Nilimtazama usoni.

"Nitukane basi. Sema kitu."

Nilikuwa bado nimepiga goti. Nilimwonea huruma, na nilijichukia, kwa sababu niliona kwa macho yangu namna heshima ilivyokuwa ikimpiga kuliko tusi lolote nililowahi kumtupia.

Alivua kofia ya pama, akaiweka chini kando ya wavu.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ambayo sikuijua. "Marahaba, mwanangu. Kumbe ni kweli."

"Ni kweli, baba."

Nikamwambia upya, maneno yaleyale ya bwawani, moja baada ya jingine, naye safari hii aliyasikia. Aliuliza kama itauma. Nikasema bado. Aliuliza kama panya hukosea. Nikasema hukosea mara chache, ndiyo maana tukaiuliza na damu, na damu imesema vilevile. Aliuliza kama Mbeya wanaweza.

"Ukienda sasa, wengi wanapona. Si wote."

"Si wote," alirudia. Alichukua kofia, akaigeuza mikononi, akaangalia ndani yake. "Siku ile bwawani ulikuwa unaniambia kweli."

"Nilikuwa nakuambia kweli."

"Na ukacheka."

"Nikacheka."

"Nami nilikutaka kwa hilo," alisema. Macho yalikuwa yamemjaa. "Nilidhani likija na kicheko halitanizidi. Nicheke kidogo sasa, Onolina. Kidogo tu."

"Siwezi, baba. Nikicheka utaondoka tena."

Kuku walipita uani, wakachakura karibu na miguu yetu, hakuna aliyewafukuza.

"Usiniite baba," alisema mwishowe. "Umeuvunja utani. Unajua kwamba umeuvunja?"

"Najua."

"Una faini."

"Nitalipa."

"Nitaitaja mwenyewe, wakati wangu." Aliinuka, akavaa kofia, akaivuta chini kuliko kawaida yake. "Ditrika usimwambie. Nitamwambia mimi. Yuko jikoni."

Aliingia ndani akiinamisha kichwa mlangoni, ingawa mlango ule ni mrefu. Sikungoja kusikia. Nilitoka uani nikilia barabara nzima kwa sauti, na watu walionijua walinipisha.

*

"Amesikia," nilikiambia Kinusi.

"Una hakika?" Humuuliza kila mtu hivyo.

"Nina hakika."

Taa ya manjano mbele ya jina lake ikazimika. Daktari Nyoni alipita nyuma yangu, akaiona, akaniwekea mkono begani, akaendelea na kazi zake.

Walisema ameondoka na basi la Mbeya. Hakuja kuniaga, na sikutegemea. Niliendelea kupokea pumzi na damu. Kila aliyenitania sokoni nilimjibu, lakini majibu yangu yalikuwa yamechacha, na watu wakaanza kuniacha. Nilijiambia huenda nimeokoa mtu na kumpoteza mtani. Nilijiambia pia kwamba ni bei ya haki. Lakini sikuwa na furaha nayo, na sitajifanya nilikuwa nayo.

Kisha Ditrika akatokea tena kituoni, mfuko wa kitambaa mkononi. Macho yake yalikuwa yamevimba, ila alitembea kama mtu mwenye kazi ya kufanya. Kesho yake alikuwa anamfuata mumewe.

"Wameshamchoma sindano ya kwanza," alisema. "Anatapika, lakini maneno hayajamwisha. Kabla hajaondoka alinipa hiki, akasema nikuletee nikishasikia wameanza kumtibu. Kasema ni faini yako."

Nilifungua mfuko. Walikuwamo panya wa kukaushwa kwa moshi, wamechomekwa kwenye vijiti, wamepangwa vizuri kama sokoni.

"Kasema uwale wote," aliendelea Ditrika, akijitahidi kulisema kama alivyotumwa. "Uwale mbele ya hiyo mashine, ndugu zao wakikuona."

Nilikaa. Nilicheka mpaka nikashika meza, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko, sikujua tena kipi ni kipi. Ditrika alinitazama kama mtu aliyepeleka barua ya lugha asiyoijua. Kisha naye midomo ikamcheza.

"Nimjibuje?" aliuliza.

Jibu lilikuja lenyewe.

"Mwambie Mhehe amekataa. Faini hailipwi kwa mjumbe. Akitaka kuniona nakula panya, arudi yeye mwenyewe, asimame hapa, anihesabie mmoja mmoja. Na asiporudi, ile kofia ya pama nitaivaa hata siku za kawaida, niende nayo sokoni."

Ditrika alilirudia lote taratibu, asije akasahau njiani.

Vile vijiti vya panya nimevitundika kwenye msumari, ukutani juu ya Kinusi. Vinanuka moshi chumba kizima. Kila asubuhi nikiwasha, kabla ya mgonjwa wa kwanza, Kinusi huniambia kuna harufu ngeni na hewa haifai kupimia. Huwa nafungua madirisha yote mawili, nakiambia kivumilie kidogo, mwenyewe atakuja kuwashusha.